Baridi, Kichomi na Nimonia: Majira ya Rungwe na Lugha ya Maradhi ya Kifua

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano wa majira na maradhi ya kifua yanayoletwa na bakteria katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, pamoja na namna Kiswahili kinavyoueleza uhusiano huo. Tunadai kwamba kauli ya kawaida, "baridi imeleta nimonia", inachanganya mambo mawili ambayo mzazi anahitaji kuyatenganisha: kijidudu kinacholeta ugonjwa na hali inayokifungulia njia. Tunapitia majina ya majira, majina ya maradhi, ushahidi wa kitaalamu na historia ya wafanyakazi wa migodini, kisha tunapendekeza lugha ifaayo kwa maandishi ya afya.

1.0 Utangulizi

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Tukuyu, mtoto akianza kukohoa mwezi wa Juni aghalabu husemwa kwamba "amepigwa na baridi". Kauli hiyo haikutungwa ovyo. Waisemao wanaishi mahali penye baridi ya kweli, nao wameshuhudia mara nyingi kwamba kikohozi kina majira yake. Hata hivyo, kauli hiyo ina matokeo. Aaminiye kwamba mtoto amepigwa na baridi humvika sweta, humketisha karibu na moto jikoni, kisha husubiri. Ikiwa mtoto ana mafua tu, kusubiri hakuna madhara makubwa. Ikiwa bakteria wamekwisha kuingia mapafuni, kila siku ya kusubiri ina gharama, na huo moto wa jikoni waweza kuwa sehemu ya tatizo.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika takwimu za Shirika la Afya Duniani, zinazokadiria kwamba mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Hakuna ugonjwa mwingine wa kuambukiza uliowaua watoto wa umri huo kwa wingi kama huo.

Msomaji aweza kuuliza: suala la tabibu linamhusu nini mwanafunzi wa lugha? Linamhusu kwa sababu Kiswahili ndicho lugha ya zahanati, ya kadi ya kliniki na ya vipindi vya afya redioni. Mkazi wa Rungwe huweza kuzungumza Kinyakyusa nyumbani kwake, lakini maelezo ya mganga humfikia kwa Kiswahili. Maneno yakipotoka njiani, hata dawa iliyo tayari hospitalini huchelewa kumfikia mgonjwa.

2.0 Majira ya Rungwe na majina ya pwani

Tukuyu upo kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kusini mwa Mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000. Upande wa kusini nchi inateremka hadi Kyela, penye joto, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Upepo utokao upande wa ziwa hubeba unyevu, na unapolazimika kupanda miteremko ya milima hupoa na kuuangusha unyevu huo kama mvua. Ndiyo maana Tukuyu hupata kwa wastani mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile inyeshayo Dar es Salaam, nao huhesabiwa miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kuliko pote nchini.

Mvua hizo ni za msimu mmoja mrefu. Huanza mwezi wa Novemba, hufikia kilele Machi na Aprili, na huendelea hadi Mei. Kisha huja miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ambapo joto la usiku mjini Tukuyu hushuka hadi karibu nyuzi 10, na chini ya hapo katika sehemu za juu kama Isongole. Hata katika miezi hiyo ukungu na manyunyu havikomi kabisa.

Tukirejea sasa kwenye Kiswahili sanifu, tunakuta majina ya majira yaliyozaliwa kwingine. Masika, vuli, kiangazi na kipupwe ni msamiati wa watu wa pwani, ambao mwaka wao hupangwa na pepo za kaskazi na kusi. Kwao mvua huja mara mbili: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Rungwe hakuna vuli iliyojitenga na masika; mvua ni moja, na inachukua miezi saba. Kijitabu cha afya kinachomwonya mzazi "ajihadhari na kikohozi wakati wa masika" kinaeleweka Bagamoyo kuwa kinataja miezi mitatu. Msomaji wa Rungwe ama atailaza kauli hiyo juu ya miezi yake saba, ama ataibana katika miezi mitatu ya wenzake. Kwa vyovyote vile onyo limepoteza makali yake.

Kuna hatari ya pili. Pale ambapo kikohozi kimepewa jina la msimu, watu hungoja msimu upite. "Mvua zikikatika kitakwisha" ni faraja ya siku chache mahali penye mvua za siku chache. Mahali penye miezi saba ya mvua na mitatu ya baridi, mwenye kifua kikuu aweza kukohoa karibu mwaka mzima bila mtu kuona ajabu, ilhali kanuni ya tiba nchini ni kwamba mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa.

3.0 Maradhi hupewaje majina?

Majina ya Kiswahili yanayohusu maradhi ya kifua na mengine yaliyo karibu nayo yanaweza kugawanywa katika makundi matatu, kufuatana na kile ambacho mtoa jina alikitazama.

3.1 Mahali pa ugonjwa. Katika kundi hili tunapata "kifua kikuu", "homa ya mapafu", "homa ya uti wa mgongo" na "dondakoo". Majina haya yanaonyesha ugonjwa umekaa wapi, wala hayasemi umetoka wapi.

3.2 Kile anachokihisi mgonjwa. Mfano ulio wazi ni "kichomi", jina linalotokana na kitenzi "choma". Mtu mwenye nimonia iliyofikia utando unaozunguka mapafu huhisi kama anachomwa ubavuni kila anapovuta pumzi. Jina hili limeeleza hali ya mgonjwa kwa usahihi ambao tafsiri ya kitaalamu haiwezi kuuzidi.

3.3 Kile kinachodhaniwa kuwa chanzo. "Pepopunda" linamtaja pepo, ijapokuwa ugonjwa wenyewe unaletwa na bakteria aingiaye kwenye jeraha. "Baridi yabisi" ni jina la maumivu ya viungo. Neno "yabisi" ni la Kiarabu lenye maana ya ukavu, na jozi hiyo ya baridi na ukavu inatukumbusha tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, iliyoueleza mwili kwa sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Kwa hiyo mzazi wa Rungwe asemaye kwamba baridi imemwingia mtoto anazungumza lugha ambayo sehemu yake imepita mikononi mwa matabibu wa karne nyingi.

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa Kiswahili peke yake. Neno "malaria" ni la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Neno "influenza", la Kiitaliano pia, lina maana ya athari, na zamani lilihusishwa na athari za nyota na za baridi. Kwa Kiingereza mafua huitwa kwa neno lilelile la baridi. Hata wanasayansi hawakusalimika. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, wa Ujerumani, alimkuta bakteria katika makohozi ya wagonjwa wa influenza akadhani ndiye mleta ugonjwa. Mwaka 1933 ilithibitishwa kwamba influenza ya binadamu huletwa na kirusi, lakini bakteria yule angali anaitwa Haemophilus influenzae. Kosa limesahihishwa, jina limebaki.

Kuhusu mada yetu, majina mawili yanahitaji kuangaliwa zaidi. La kwanza ni "kichomi". Jina hili linategemea mgonjwa aeleze anachomwa wapi. Mtoto mchanga hawezi kueleza. Yaani jina limemwacha nje yule hasa aliye katika hatari kubwa zaidi. La pili ni "homa ya mapafu". Katika matumizi ya kila siku Tanzania, neno "homa" likisimama peke yake aghalabu hueleweka kuwa malaria. Mtoto mwenye joto kali na pumzi za haraka aweza kupewa dawa ya malaria wakati mapafu yake yanaendelea kujaa. Aidha, mtoto mchanga sana au mwenye utapiamlo mkali aweza kuwa na nimonia pasipo kuwa na homa yoyote. Kwa sababu hizo tunaona kwamba "nimonia", ijapokuwa ni neno la kukopa lisilojieleza, lina faida moja: halimdanganyi msikilizaji.

4.0 Baridi hufanya nini hasa?

4.1 Kuku wa Pasteur

Swali hili lilijaribiwa zamani. Kuku kwa kawaida hapati kimeta, hata akidungwa bakteria wake. Mwaka 1878 Louis Pasteur alieleza mbele ya wataalamu wa tiba mjini Paris jinsi alivyomdunga kuku bakteria wa kimeta kisha akamweka miguu yake katika maji baridi. Kuku huyo alikufa. Kuku aliyedungwa bila kupozwa alisalimika, na aliyepozwa bila kudungwa alisalimika pia. Mwingine aliyedungwa na kupozwa, kisha akatolewa majini na kupashwa joto, alipona.

Jaribio hilo linajibu sehemu kubwa ya hoja yetu. Baridi peke yake haikuleta kimeta, na bakteria peke yao hawakukileta. Anayesema baridi haihusiki kabisa amekosea, na anayesema baridi ndiyo ugonjwa amekosea pia.

4.2 Mgeni aliyekwisha kuwamo nyumbani

Bakteria aletaye nimonia mara nyingi zaidi kwa watoto ni Streptococcus pneumoniae. Bakteria huyu hasubiri mvua wala kipupwe. Katika Afrika Mashariki huishi puani na kooni mwa watoto wengi wadogo mwaka mzima, bila kuwadhuru. Ugonjwa huanza anapopata nafasi ya kushuka mapafuni au kuingia katika damu. Kwa hiyo swali sahihi ni hili: ni nini kinachompa nafasi hiyo, na kwa nini nafasi hizo huongezeka katika miezi fulani?

Jibu la kwanza ni virusi. Influenza na virusi vingine vya njia ya hewa huharibu utando unaolinda koo na mapafu, na bakteria hupita katika ufa huo. Uchunguzi wa vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa, uliotolewa Marekani mwaka 2008, ulionyesha kwamba wengi wa waliokufa katika janga la influenza la 1918 na 1919 waliuawa na nimonia ya bakteria iliyofuatia kirusi. Katika nchi zenye majira makali ya baridi, kama Uingereza, maradhi ya bakteria huyu huongezeka wakati wa baridi, sambamba na virusi.

Jibu la pili ni hewa yenyewe. Hewa baridi hupunguza nguvu za vinyweleo vinavyosukuma makamasi na uchafu kutoka katika njia ya hewa. Lakini tusiharakishe kuifanya baridi kuwa kanuni ya dunia nzima. Katika ukanda unaoanzia Senegali hadi Ethiopia, milipuko ya homa ya uti wa mgongo, inayoletwa na bakteria mwingine akaaye kooni, hutokea wakati wa kiangazi, penye vumbi na upepo mkavu, na hukoma mvua zinapoanza. Kinachofanana kati ya huko na Rungwe ni koo lililodhoofishwa na watu waliosongamana. Mvua na baridi havifanani.

4.3 Nyumba, kuni na moshi

Jibu la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwa Rungwe, nalo limo ndani ya nyumba. Mvua ikinyesha siku nzima, watu hukaa pamoja, madirisha hufungwa, watoto hulala wamebanana. Mtoto mmoja akikohoa, wengine wote huvuta hewa yake. Wakati huohuo kuni hulowa. Kuni mbichi huungua vibaya na kutoa moshi mwingi, na moshi huo hukaa katika chumba kisichopitisha hewa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kuvuta moshi wa nyumbani humwongezea mtoto hatari ya nimonia karibu mara mbili.

Hapa ndipo maneno "amepigwa na baridi" yanapoonyesha udhaifu wake. Yanaelekeza macho nje, kwenye ukungu na mvua, mahali ambapo mzazi hana uwezo wowote. Njia nyingi ambazo msimu huzitumia zimo ndani, mahali ambapo uwezo anao: kuanika kuni na kuziweka pakavu kabla ya Novemba, kufungua dirisha la jikoni, kumtenga mtoto na moshi. Akimsogeza mtoto motoni ili kuifukuza baridi, anampeleka kwenye moshi.

4.4 Matope

Msimu hufanya kazi nyingine isiyotajwa katika vitabu vya bakteria. Mvua za Machi na Aprili huteleza barabara za miteremko na kujaza mito. Ni miezi hiyohiyo ya mvua ambapo chai huchipua kwa wingi na mikono yote huhitajika shambani. Safari ya kwenda zahanati, ambayo mwezi wa Septemba ni matembezi ya kawaida, mwezi wa Aprili huwa ni uamuzi mzito. Hivyo msimu humwongezea mtoto hatari ya kuugua na humpunguzia nafasi ya kutibiwa mapema.

5.0 Ushahidi wa migodini

Historia ya kazi za vibarua inatupatia mfano mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, nimonia iliwaua kwa wingi wafanyakazi waliotoka nchi za joto kwenda migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Vifo vilizidi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri watu kutoka kaskazini ya latitudo ya 22 kusini. Maelezo mepesi yalikuwapo tayari: hawa ni watu wa joto, wameuawa na baridi ya Johannesburg.

Wenye migodi walimwalika William Gorgas, tabibu wa jeshi la Marekani aliyesimamia afya wakati wa kuchimba Mfereji wa Panama. Gorgas alikuwa ameona jambo ambalo maelezo ya baridi hayawezi kulimeza: huko Panama, nchi ya joto mwaka mzima, nimonia ilikuwa imewaua vibarua wengi, kisha ikapungua sana baada ya wao kutawanywa kutoka katika mabweni yaliyofurika na kwenda kuishi katika vibanda vyao. Katika ripoti yake ya 1914 alishauri msongamano wa makambi ya migodini upunguzwe. Utafiti wa chanjo, ambao Almroth Wright alikuwa ameuanza huko mwaka 1911, uliendelezwa na Spencer Lister.

Marufuku ilianza kulegezwa katika miaka ya 1930, na baadaye wanaume wa Rungwe walikuwa miongoni mwa waliosafiri kwenda migodi hiyo, hadi njia hiyo ilipofungwa baada ya uhuru wa Tanganyika. Kwao hoja ya baridi ingekuwa na mashaka zaidi, kwani walitoka mahali penye baridi tayari. Maana ya mfano huu ni kwamba lawama ikitupiwa hali ya hewa, hakuna anayewajibika. Ikitupiwa bweni, kuna mwenye bweni.

6.0 Lugha ya onyo

Katika nyanda za juu za Papua New Guinea, mahali penye mazingira yanayofanana kwa kiasi fulani na ya Rungwe, Frank Shann na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba nimonia ya mtoto inaweza kutambuliwa pasipo mashine, kwa kutazama pumzi zake. Tanzania nayo ilikuwa na mchango wake mapema: mradi wa Bagamoyo ulioelezwa na Mtango na Neuvians mwaka 1986 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa vijijini wanaweza kuwatambua watoto wenye nimonia na kuwapa dawa, na kwamba vifo vya watoto hupungua.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukitamka kwa Kiswahili. Mtoto akiwa ametulia, pumzi zake huhesabiwa kwa dakika moja kamili. Kwa aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Kwa mwenye miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kwa mwenye mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40 au zaidi. Mtoto anayekohoa na kuwa na pumzi hizo apelekwe zahanati. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, asicheleweshwe hata kidogo. Hesabu hii haimngoji mtoto aseme kwamba anachomwa. Inatimiza lile ambalo neno "kichomi" halikuweza kulitimiza.

Chanjo nazo zimepunguza nguvu za msimu. Mwaka 2009 kinga dhidi ya Haemophilus influenzae aina ya b iliingizwa katika chanjo za watoto Tanzania, na mwishoni mwa 2012 ikaongezwa ile ya Streptococcus pneumoniae. Huko Kilifi, Kenya, ambako chanjo ya namna hiyo ilianza kutolewa mwaka 2011, utafiti uliotolewa 2019 ulionyesha kwamba maradhi makali yaletwayo na aina za bakteria zilizomo katika chanjo yalipungua kwa takriban asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mvua za Kilifi hazikubadilika kwa kiasi hicho. Kilichobadilika ni kinga iliyomo mwilini mwa watoto.

Kutokana na haya tunapendekeza mambo matatu kwa waandishi wa maandishi ya afya. Kwanza, wataje miezi badala ya masika na vuli, kufuatana na wilaya wanayoiandikia. Pili, wasitumie kitenzi "leta" pale mtenda anapokuwa baridi. Iandikwe: "Nimonia huletwa na vijidudu, baridi, moshi na msongamano huvifungulia njia." Tatu, neno "kichomi" lisifutwe, kwa kuwa watu wazima wanalielewa, bali kila linapotajwa lifuatwe na hesabu ya pumzi kwa ajili ya watoto.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba wakazi wa Rungwe hawakukosea kuyaona majira katika kikohozi cha watoto wao. Wametazama vizuri, lugha waliyorithi ndiyo iliyowapa mtenda asiye sahihi. Baridi haiwezi kutibiwa, na mvua ya Tukuyu haiwezi kuzuiwa. Kuni zaweza kukaushwa, dirisha laweza kufunguliwa, chanjo yaweza kukamilishwa, na pumzi zaweza kuhesabiwa hata usiku wa manane, kwa taa, na mama asiyejua jina la bakteria hata mmoja. Wajibu wa wataalamu wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba mama huyo amefikiwa na sentensi ambayo mtenda wake ni wa kweli.